Panya majini na wiki tatu za kusubiri

Swali ninaloulizwa zaidi dirishani mwa duka langu la dawa kuhusu dawa za sonona halihusu bei. Ni hili: "Mbona nimekunywa wiki nzima sioni kitu?" Anayeuliza ametoka kliniki na cheti cha amitriptilini, amepanda daladala kutoka Uyole au Mbalizi hadi hapa Mwanjelwa, Mbeya, amenunua, amemeza usiku kama alivyoelekezwa. Alichoambulia mpaka sasa ni kinywa kikavu, choo kigumu, kizunguzungu akisimama ghafla, na usingizi unaomfuata mpaka saa nne asubuhi. Amezoea dawa ya malaria, ambayo siku ya tatu mtu anaamka anaulizia chakula. Hii mpya imeanza kwa kumtesa, na nafuu haijaonekana. Wengi huacha hapo hapo.

Huwa nawaambia ukweli, kwamba ni wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, ndipo moyo unaanza kuinuka. Mama mmoja wa Iganzo hakuridhika na jibu hilo. "Mwanangu, hao walioitengeneza hawakuijaribu kwanza wakaona inachelewa?" Nikamwambia waliijaribu. "Kwa nani?" Kwa watu, na kwa panya. Akanitazama. "Panya naye ana sonona?"

Swali lake ndilo wanasayansi wanalobishania kwa karibu miaka 50 sasa, na watu wanaomeza vidonge hivi kila usiku hawajawahi kusimuliwa ubishi huo. Mimi ni mfamasia, sifanyi utafiti wa panya. Lakini nauza matokeo ya utafiti huo, na nimeusoma kwa muda mrefu kiasi cha kuwa na msimamo.

Jaribio linalotajwa kuliko yote lilichapishwa mwaka 1977 na Roger Porsolt na wenzake, waliokuwa kwenye kampuni ya dawa mjini Paris. Chombo chake ni silinda inayopitisha mwanga, urefu sentimita 40, ndani yake maji ya nyuzi 25 yenye kina cha sentimita 15. Panya mkubwa wa maabara anatumbukizwa humo kwa dakika 15, anatolewa, anakaushwa. Kesho yake anarudishwa kwa dakika 5, na safari hii kuna mtu mwenye saa anayehesabu sekunde ambazo panya hafanyi chochote zaidi ya kile kinachohitajika ili pua ibaki juu ya maji. Wale panya wadogo wa maabara hupewa dakika 6 mara moja tu, na zinazohesabiwa ni 4 za mwisho.

Nililishuhudia nikiwa mwanafunzi. Mwanzoni panya anauparamia ukuta. Kucha zinateleza, unasikia mikwaruzo midogo ya haraka haraka. Anazunguka, anapiga mbizi, anagusa chini, anaibuka mahali pale pale na ndevu zimelowa zimegandana puani. Kisha, mapema kuliko nilivyotegemea, anatulia. Mgongo umejikunja kidogo, miguu ya mbele ameikunja kifuani, mguu mmoja wa nyuma unasukuma maji polepole, macho yako wazi. Anaelea. Mwenye saa akabonyeza. Muda ulipoisha akatolewa, akafutwa kwa taulo, akawekwa chini ya taa ya joto, akaanza kujilamba manyoya. Panya wengi wa majaribio haya huuawa baadaye ili ubongo wao uchunguzwe. Mama wa Iganzo hakuniuliza hilo, lakini nadhani anayemeza dawa ana haki ya kulijua.

Kule kutulia ndiko Porsolt na wenzake walikokuita kukata tamaa. Hoja yao ilikuwa kwamba panya amejaribu kutoka, ameona haiwezekani, ameacha. Ukimpa dawa ya sonona kama imipramini au amitriptilini kabla ya zile dakika 5, hutulia kwa muda mfupi zaidi na hupambana kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kemikali yoyote mpya inayopunguza sekunde za kutulia ikahesabiwa kuwa huenda itafaa kwa sonona. Urahisi wake ndio uliolieneza: silinda, maji, saa, siku mbili, majibu yako mezani. Mwaka 1985 likafuata lingine la ukoo huo huo, la Lucien Steru na wenzake, ambamo panya mdogo hubandikwa plasta mkiani akaning'inizwa kichwa chini kwa dakika 6. Hesabu ni ile ile.

Mimi naona kosa liko katika kusoma kile kitendo. Panya anayeelea hajazama. Ameshajua ukuta hauparamiki, na ameshajua maji hayamzamishi akitulia. Siku ya pili anaelea mapema kwa sababu anakumbuka ya jana, ukiwemo mkono uliomtoa. Watafiti wawili wa Uholanzi, Marc Molendijk na Ron de Kloet, waliandika mwaka 2015 kwamba kutulia huko ni mnyama kujirekebisha kulingana na hali aliyomo, na kwamba hakuonyeshi sonona. Mvuvi yeyote wa Matema ambaye mtumbwi wake umewahi kupinduka Ziwa Nyasa atakwambia hivyo hivyo: anayepigapiga maji ndiye anayechoka kwanza. Mvuvi aliyejilaza chali akisubiri wenzake hatuwezi kusema amekata tamaa. Ana akili.

Upande wa pili wa kosa hilo unanigusa zaidi. Nilikuwa na mama mdogo Rungwe, mchuma chai. Katika miaka yake mibaya kabisa hakukosa shambani. Alfajiri ukungu haujainuka, kapu mgongoni, anashuka na wenzake, na jioni kilo zake zinapimwa na kuandikwa kama za mwingine yeyote. Akitoka huko anapalilia migomba, anakata majani ya ng'ombe, Jumapili anakwenda kanisani. Ungempima kwa kipimo cha silinda angepata alama za mtu mzima kabisa: hakutulia hata kidogo. Ndiyo maana hakuna aliyeona. Kwetu mtu akifanya kazi basi ni mzima, na akilala kitandani ndipo watu wanaanza kuulizana kama amerogwa au ni malaria imepanda kichwani.

Kilichobadilika ilikuwa chai yake. Mama mdogo alipenda chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha kumkasirisha daktari yeyote, tena iliyochemka mpaka ikawa nyekundu. Kwenye miaka ile alimiminiwa, akashukuru, kikombe kikakaa mbele yake mpaka utando wa maziwa ukatanda juu, akainuka akakiacha. Ukimuuliza anasema haina ladha. Ndizi mbivu vivyo hivyo, na hata miwa aliyokuwa akiwagombeza watoto wakiimaliza. Binti yake alidhani ni vidonda vya tumbo, akampeleka kupima, hakikuonekana kitu. Alipewa dawa ya tumbo.

Ndiyo maana niliposoma kazi ya Paul Willner na wenzake, iliyotoka Uingereza mwaka 1987, nilikaa nayo muda mrefu. Wao hawakumtumbukiza panya majini wakasubiri atulie. Walimpa wiki kadhaa za taabu ndogo ndogo zisizotabirika: leo matandiko yameloweshwa, kesho kizimba kimeinamishwa, usiku mwingine taa inawaka mpaka asubuhi, mara anabadilishiwa mwenzake, mara anakosa chakula au maji kwa saa kadhaa. Hakuna hata moja ambayo peke yake ingemvunja. Kisha wakamwekea maji ya kawaida na maji yenye sukari kidogo. Panya mzima hukimbilia yenye sukari. Panya aliyepitia wiki zile hupungukiwa na hamu hiyo, anakunywa kidogo, anaondoka. Na akipewa dawa ya sonona hamu hurudi, lakini hairudi kesho yake. Hurudi baada ya wiki mbili, tatu, nne za dawa kila siku.

Hapa kuna kitu ninachokitambua. Maisha ya mama mdogo hayakuwa na janga moja ambalo ungelinyooshea kidole. Palikuwa na paa linalovuja, deni la mbolea, mume anayelala nje, mtoto aliyefeli, baridi ya Juni na Julai, tena na tena bila kujua kesho litaanza lipi. Na palikuwa na chai isiyo na ladha. Sidai panya yule anajisikia kama yeye. Nasema waliouliza swali la sukari waliuliza kitu ambacho mgonjwa hukisema kwa mdomo wake, tena kwa muda unaofanana na muda wake.

Silinda haina muda huo. Dawa hutolewa kwa panya mara tatu kati ya siku ya kwanza na ya pili, au mara moja tu kabla ya kipimo, na jibu linapatikana. Mtu wa Uyole anahitaji wiki tatu, panya amehitaji siku moja. Jambo lingine, panya yule hakuwa mgonjwa. Alikuwa mzima, akatupwa majini, akapewa dawa. Basi tunachojua ni namna dawa inavyobadilisha mwendo wa panya mzima aliyeshtuka. Tunaweza kukitumia kama chujio la kemikali, na kwa miaka mingi ndivyo kilivyotumika. Kukiita mfano wa sonona ni kukibebesha mzigo ambao hakikuuomba.

Hata kikitumika kama chujio tu, kilivuja. Fluoksetini, ambayo Marekani iliruhusiwa mwaka 1987 na ikaja kumezwa na mamilioni ya watu, pamoja na ndugu zake wa kundi linaloongeza serotonini, moja ya kemikali za ubongo, mara nyingi hazikuonyesha kitu kwenye jaribio la panya wakubwa lilivyofanywa mwanzo. Ilibidi mwaka 1995 Michael Detke, Irwin Lucki na mwenzao waongeze kina cha maji na kutenganisha mienendo ya panya: kuparamia ukuta upande mmoja, kuogelea upande mwingine. Dawa za noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, ziliongeza kuparamia, za serotonini ziliongeza kuogelea. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Lakini angalia mpangilio wake: dawa ilijulikana kwanza kuwa inafanya kazi kwa watu, ndipo jaribio likarekebishwa mpaka likaiona.

Na dawa za mwanzo kabisa hazikutoka kwa panya. Hadithi hii kila mtu wa nyanda zetu za juu angepaswa kuijua, kwa sababu inapita kwenye kliniki zetu za kifua kikuu. Mwaka 1952 katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa wa TB walipewa dawa mpya mbili za jamii moja, isoniazidi na iproniazidi. Watu waliokuwa wamelala wakisubiri kufa wakaanza kula, kucheka, kutaniana, na magazeti yakapiga picha wagonjwa wakicheza dansi wodini. Baadaye madaktari wakaanza kuwapa iproniazidi watu wenye sonona wasio na TB, na mwaka 1957 ikawa inazungumzwa kama dawa ya moyo uliozama. Iliondolewa sokoni karibu kote mwaka 1961 kwa sababu ya kuharibu ini. Isoniazidi ipo mpaka leo. Imo kwenye vidonge vya mseto vya TB vinavyomezwa kila asubuhi Mbeya, Iringa na Njombe, na wanaoishi na VVU hupewa kama kinga.

Karibu wakati ule ule, huko Münsterlingen, Uswisi, Roland Kuhn alikuwa na dawa ambayo kampuni ilitumaini ingetuliza wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwatuliza. Mwaka 1956 akawapa wenye sonona, akakaa nao, akawasikiliza, akaona wanaamka asubuhi wenyewe, wanaanza kuulizia ndugu zao. Mwaka 1957 akachapisha. Hiyo ndiyo imipramini, na amitriptilini iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 60 ni mdogo wake. Kilichoigundua dawa ni daktari aliyekaa kando ya kitanda muda wa kutosha kuona wiki ya tatu ikifika.

Ukishalijua hilo, unaona jinsi chujio lilivyotengenezwa. Majaribio ya panya yalichaguliwa kwa sababu yaliitambua imipramini. Yakatumika kutafuta dawa mpya. Yakaleta dawa nyingi zinazofanana na imipramini. Kuna wakati kampuni zilitafuta njia tofauti, na hapo wanyama wakaahidi kitu ambacho watu hawakukiona. Mwaka 1998 ilitangazwa kwa kishindo dawa inayoziba kipokezi cha kemikali iitwayo sabstansi P. Ilikuwa imezuia vilio vya watoto wa simbilisi waliotengwa na mama zao. Watu wa Iringa na Njombe wanaofuga simbilisi jikoni wanavijua vilio hivyo vyembamba, na wanajua vinakoma mama akirudi. Jaribio la kwanza kwa wagonjwa likaonyesha matumaini. Majaribio makubwa yaliyofuata yakashindwa kuitenganisha na kidonge kisicho na dawa. Leo, kwa jina la aprepitanti, hutumika kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa kemotherapi, kazi inayoifanya vizuri.

Kuna kazi ya wanyama ya tangu mwaka 1967 ambayo wengi wameisikia bila kujua asili yake. Martin Seligman na Steven Maier waliwapa mbwa mishtuko ya umeme ambayo hawakuweza kuizuia, na baadaye mbwa wengi wakashindwa kukimbia hata njia ilipofunguliwa. Wakasema mnyama amejifunza kwamba hana uwezo, na maneno hayo yakaenda mbali, hadi mahubirini na kwenye semina za ujasiriamali. Mwaka 2016 hao hao wawili, baada ya miaka mingi ya kazi ya Maier juu ya ubongo wa panya, wakaandika kwamba walikuwa wameipindua hadithi. Kunyong'onyea ndiko hali ya mwanzo ya ubongo uliopigwa kwa muda mrefu, hakuhitaji kujifunzwa. Kinachojifunzwa ni kwamba kuna kitu unaweza kukifanya, na sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayoshika somo hilo na kuizuia hofu ya sehemu za chini. Ninawapenda wanasayansi wa aina hii. Na somo hilo naliona dukani kwangu: mgonjwa aliyeelezwa kwa nini kinywa kinakauka na lini nafuu itafika huvumilia mambo ambayo asiyeelezwa hayavumilii.

Siwezi kuacha suala la jinsia. Wanawake hupata sonona karibu mara mbili ya wanaume. Kwa miongo mingi panya waliotumika walikuwa madume, kwa hoja kwamba majike wana mizunguko ya homoni itakayovuruga hesabu. Jaribio moja lililoleta maarifa makubwa, la mwaka 2006, ambapo panya mdogo hupigwa na panya mbabe kila siku kwa siku 10 kisha akaanza kuwakimbia wenzake wote, halikuweza hata kufanyika kwa majike kwa sababu yule mbabe huwa hawashambulii. Kwa hiyo kumbukumbu kubwa ya sayansi kuhusu kuonewa na kuvunjika moyo iliandikwa kwanza kwa miili ya madume. Wateja wangu wa amitriptilini wengi ni akina mama. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Panya mwenyewe naye si kipimo kilichotulia. Mwaka 1999 John Crabbe na wenzake walichukua panya wa koo zile zile, wakawapima siku moja, kwa vifaa vya aina moja, katika maabara tatu za Marekani na Kanada. Bado baadhi ya matokeo yalitofautiana baina ya maabara na maabara. Mwaka 2014 timu ya Jeffrey Mogil huko Montreal ikaonyesha kwamba harufu tu ya mwanaume chumbani huwapa panya mfadhaiko. Mkulima wa Mbarali anayepambana na panya shamba kila msimu wa mahindi hatashangaa kusikia kwamba mnyama huyu anatusoma kuliko tunavyomsoma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Jaribio la kuogelea lipumzishwe. Jimbo la New South Wales, Australia, lililipiga marufuku kwa sheria mwaka 2024, na serikali ya Uingereza imesema inataka kuliondoa hatua kwa hatua. Nakubaliana nao, na sababu yangu ya kwanza si huruma kwa panya, ingawa ninayo. Mnyama akiteswa kwa jibu ambalo haliwezi kumsaidia mgonjwa, wote wawili wamedhulumiwa.

Sisemi panya waondolewe kabisa. Kwa panya tumejua kwamba serotonini hupanda ndani ya saa chache lakini matokeo ya dawa hungoja mabadiliko ya polepole zaidi, mishipa ya fahamu ikichipua viungo vipya na seli mpya zikizaliwa kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Hiyo ndiyo sehemu ya jibu la "mbona inachelewa". Kwa panya pia, mwaka 2010, ilianza kueleweka kwa nini ketamini, dawa tuliyoizoea chumba cha upasuaji, huinua moyo ndani ya saa chache badala ya wiki. Lakini kumbuka mtiririko: wagonjwa wachache wa utafiti wa mwaka 2000 ndio walioanza kusema wamepata nafuu, panya wakafuata kueleza. Na Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limeonyesha panya buku wanaweza kufundishwa kunusa TB kwenye makohozi, kila mmoja akiwa na jina na mwalimu wake. Nchi inayojua kuishi na panya kwa heshima namna hiyo ina la kusema katika mjadala huu.

La kwanza kusema ni kwamba dawa zinapojaribiwa kwa watu, watu wa huku nao wawemo. NIMR Mbeya, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wamefanya majaribio ya TB na VVU kwa miaka mingi, na jamii inawaamini. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na sonona inatembea na VVU bega kwa bega, inamfanya mtu aache vidonge vya magonjwa yote mawili. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 522 ya dawa 21 za sonona kwa watu 116,477. Zote zilishinda kidonge kisicho na dawa, na iliyoongoza kwa nguvu ni amitriptilini, hii hii ya bei ya chini, ingawa madhara yake huwafanya wengi kuiacha. Tuna dawa. Tunachokosa ni mtu wa kukaa na mgonjwa katika wiki mbili za mwanzo.

Kwa hiyo nikikupa amitriptilini, kwenye pakiti naandika tarehe mbili: ya leo, na ya siku utakayorudi kunieleza hali yako. Nakuomba namba ya simu ya mtu mnayeishi naye. Sikupi vidonge vya miezi mitatu kwa mkupuo, hata cheti kikiruhusu, kwa sababu vikimezwa vingi kwa pamoja vinasimamisha moyo, na wiki za mwanzo ndizo za kuangaliwa kwa karibu. Usiku umeze, asubuhi usisimame ghafla, kunywa maji, kula mboga na matunda choo kisikusumbue. Usiache ghafla bila kumuuliza aliyekuandikia. Mawazo ya kujidhuru yakija, usisubiri tarehe iliyoandikwa: mwambie mtu usiku huo huo na mwende hospitali. Na ukirudi nitakuuliza unalalaje, unakulaje, na kama chai imeanza kuwa na ladha.